Miguu Inaenda, Uso Unatazama Wapi?

Ukitaka kuelewa umati wa kwenye kompyuta, anza na nyumbu.

Disney walipotoa The Lion King mwaka 1994, ile sehemu ya nyumbu wanaoporomoka bondeni hadi Mufasa anakufa haingeweza kuchorwa kwa mkono, nyumbu mmoja baada ya mwingine. Wachoraji wangezeekea hapo. Kwa hivyo nyumbu walijengwa ndani ya kompyuta, wakazidishwa hadi wakawa mamia, na programu ikapewa kazi ya kuhakikisha kila mmoja anakimbia na wenzake bila kupita ndani ya mwili wa jirani. Sisi wa nchi ambayo nyumbu halisi huvuka Mto Mara kila mwaka tuliiona kwa DVD za mtaani, tukamlilia Mufasa, tukasahau nyumbu. Hakuna mtu huuliza nyumbu walikuwa wanatazama nini.

Wazo la kuongoza kundi namna hiyo lilikuwa limeshaandikwa na Mmarekani mmoja, Craig Reynolds, mwaka 1987. Viumbe wake aliwaita boids, ndege wa kubuni, na akaonyesha kwamba kundi halihitaji kiongozi. Kila ndege anahitaji kanuni tatu tu: usimkaribie jirani mpaka mkagongana, elekea wanakoelekea walio karibu nawe, usiachwe mbali na kundi. Basi. Ukiwasha, wanazunguka angani kama ndege wa kweli, wanagawanyika wakikutana na nguzo, wanaungana tena mbele. Mwaka 1992 mbinu hiyo ilitumika kwa popo wa Batman Returns. Umati mwingi unaouona leo kwa filamu au gemu una damu kidogo ya wale ndege.

Na kuna jambo dogo ambalo ndege hao walirithisha, ndilo limenifanya niandike. Boid hana uso wake mwenyewe. Reynolds alimpanga ndege kwa namna ambayo mwili wake daima unalala juu ya njia anayopita: anakoenda ndiko anakotazama. Kwa ndege ni sawa. Ndege wa kawaida haruki kiubavu. Mwaka 1999 aliandika tena, safari hii kuhusu wahusika wanaojiongoza wenyewe, na mfano wake ukawa kitu kama gari dogo: lina uzito, lina kasi ya mwisho, na mbele yake ni kule linakoenda. Kwa gari pia ni sawa, ukiondoa matatu zinazorudi nyuma stejini bila kuangalia. Kisha watu wa filamu na gemu wakachukua hesabu ya ndege na hesabu ya gari, wakaivisha suruali na viatu, wakaiita binadamu.

Ndani yake mambo yako hivi. Kila mhusika kwenye umati ana mishale miwili. Wa kwanza ni wa mwendo: unasema mwili unahamia wapi na kwa kasi gani. Wa pili ni wa uso: unasema kifua na macho vimeelekea wapi. Katika programu nyingi, usipogusa kitu, mshale wa pili umebandikwa juu ya wa kwanza. Ukitaka kuitenganisha lazima uingie kwa mipangilio uzime hiyo gundi, na hapo ndipo kazi inaanza, kwa sababu mhusika anayesonga kaskazini akitazama mashariki anahitaji miguu inayojua kutembea kiubavu. Bila hiyo, miguu inapiga hatua za mbele huku mwili ukihama kando, na nyayo zinateleza kama mtoto aliyevaa soksi kwenye sakafu ya vigae. Watu wa kazi hii wanachukia huko kuteleza kuliko karibu kitu kingine chochote.

Kuna kituko kingine. Mhusika akisimama, mshale wa mwendo unakuwa na urefu wa sifuri, na mshale wa urefu wa sifuri hauelekei popote. Visalio vidogo vidogo vya hesabu vinaanza kuutikisa: sasa kaskazini, sasa kusini, sasa magharibi. Uso, kwa kuwa umebandikwa hapo, unafuata. Matokeo ni mtu aliyesimama stejini akizunguka kama feni. Mara ya kwanza kuona hiyo nilicheka hadi machozi. Mara ya pili nikakumbuka vijana wa base yetu, wanaokaa pale ukutani tangu asubuhi, na vile kila mtu mzima anayepita huwaambia hawana mwelekeo. Kwa programu hiyo ni ukweli wa kihesabu kabisa: asiyeenda popote hana uso. Dawa yake ni mistari michache ya msimbo. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, uache uso pale ulipokuwa. Yaani mtu akisimama, mwache akumbuke alikokuwa anatazama.

Nayajua haya kwa sababu naishi na jamaa anayefanya animesheni. Mimi huandika: makala, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi za watu wasiopenda kuandika, chochote kinacholipa. Yeye ana laptopu ya deni na programu ya bure. Mwaka huu aliamua kutengeneza filamu fupi ya dakika sita, nami nikamwandikia hadithi. Soko, saa kumi na moja jioni, mtu anapaza sauti “mwizi”, na umati unakusanyika. Wahusika 300. Mwizi mwenyewe haonekani vizuri hadi mwisho.

Kwenye skripti nilikuwa nimeandika, “Watu wanakusanyika.” Maneno mawili. Ukiandika hadithi unaweza kujificha ndani ya maneno mawili kama hayo na hakuna msomaji atakuuliza. Kompyuta haikubali. Inataka kujua kila mtu anakusanyika kutoka wapi, kwa kasi gani, akitazama nini.

Jaribio la kwanza jamaa aliliacha kwa mipangilio ya kawaida. Alitia shabaha katikati ya soko, akawasha, na watu 300 wakageuka na kumwendea mwizi, vifua mbele, macho mbele. Alifurahi sana kwa sababu hakuna aliyepita ndani ya mwenzake. Mimi nilihisi baridi. Zile zilikuwa hukumu 300 za kifo, na hakuna hata moja iliyositasita. Nikamwambia huo si umati wa Nairobi.

“Kwani umati wa Nairobi unakaaje?”

Yeyote aliyewahi kusikia “mwizi!” ikipigwa mtaani anajua. Kuna wanaomtazama mwizi. Kuna wanaotazama chini wakitafuta jiwe. Kuna anayekimbia mbele huku ameshika mfuko wenye simu na macho yako kando, kwa sababu anajua mifuko huchomolewa wakati huo huo. Kuna mama wa mboga anayesogea na watu na shingo imegeukia meza yake, asije mtu akabeba sukuma. Kuna mtu wa shule ya msingi aliyebebwa na miguu ya wakubwa na anamtafuta ndugu yake. Na wengi, nadhani wengi kabisa, hawamtazami mwizi hata kidogo. Wanatazama nyuso za wenzao, wajue kama hii ni ya kucheka au ni ya kuua.

“Maze, hiyo unataka ni Massive,” jamaa akasema, “na hii laptopu inapumua kwa shida.”

Massive ni programu aliyoitengeneza Stephen Regelous kwa ajili ya filamu za The Lord of the Rings, zile Peter Jackson alizipigia New Zealand. Mwaka 2004 ilimpatia tuzo ya kiufundi kutoka kwa Academy, wale wale wa Oscar. Ndani yake kila askari ana namna ya kuona na kusikia. Programu inamchorea picha ya kilicho mbele yake kutoka pale aliposimama, halafu yeye anaamua: piga, kwepa, kimbia, ngoja. Kwa hivyo uso huko si mapambo. Usipogeuka, hujui.

Kuna hadithi maarufu kuhusu programu hiyo. Katika jaribio moja la mapema, majeshi mawili yaliwekwa yapigane, na baadhi ya askari wakaonekana wakiondoka uwanjani mbio. Stori ikazunguka dunia: wahusika wa kompyuta wamekuwa werevu hadi wanaogopa kufa! Watu bado wanaisimulia hivyo, nami niliisikia hivyo kwanza. Maelezo ya Regelous mwenyewe yalikuwa makavu zaidi. Wale askari hawakuwa wanakimbia chochote. Walikuwa wameelekezwa upande usio na adui, hawakuona wa kupigana naye, wakaendelea tu mbele.

Mwili uleule, hatua zilezile. Ukimtazama kutoka kilimani ni mwoga, au ni genius, kulingana na wewe unapenda hadithi gani. Ukitazama kutoka kwa macho yake mwenyewe, ni askari mtiifu anayetafuta vita na hajaviona. Woga haukuwa ndani ya programu hata chembe. Tuliuleta sisi, tukaupachika kwenye mgongo wa mtu.

(Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipoisha kabla ya semesta. Watu wetu wa ocha wanasema nilikimbia vitabu. Waliona mgongo ukitoka getini, na mgongo hausemi mwenyewe anatafuta nini. Kwa hivyo digrii ninazozijua vizuri siku hizi ni zile 360 za kuzungusha mhusika.)

Kwa filamu, kusoma mgongo vibaya kunaleta stori nzuri ya kusimuliana. Lakini kuna mahali watu halisi walisomwa hivyohivyo. Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza. Nje ya milango ya kuingilia watu walikuwa wamebanana, polisi wakafungua lango la kutokea ili kupunguza msongamano. Mashabiki wakaingia, wakafuata njia iliyokuwa mbele yao, njia ya chini kwa chini iliyowapeleka kwenye vizuizi vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Waliokuwa nyuma walitazama mbele wakaona migongo tu. Waliokuwa mbele walikuwa wamebanwa kwenye ua wa chuma. Walipoanza kuupanda ua huo, polisi mwanzoni walidhani ni mashabiki wanaovamia uwanja.

Nataka tukae hapo kidogo. Mtu anapanda ua. Mshale wake wa mwendo unaelekea uwanjani. Afisa aliyesimama upande wa pili ana njia mbili za kuusoma mshale huo: huyu anavamia, au huyu anatoroka kifo. Uso wa mtu uko hapo hapo, hatua chache, waziwazi. Na bado mwendo ndio uliosomwa kwanza, kwa sababu mwendo ni rahisi kusoma na afisa alikuwa amekuja akitarajia wahuni. Watu 97 walikufa kutokana na siku hiyo. Kwa miaka mingi mashabiki walilaumiwa kwamba walikuwa walevi, kwamba walisukuma kwa nguvu, kwamba walijiua wenyewe. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba tabia ya mashabiki haikuchangia. Miaka 27 ya kuomba watu watazamwe usoni.

Wanaochunguza umati wanasema watu wakifika sita au saba ndani ya mita moja ya mraba, kuamua unakoenda kunaisha. Mawimbi yanapita kati ya miili kama maji kwenye beseni. Mtu anaweza kunyanyuliwa hadi miguu isiguse chini, viatu vikabaki nyuma. Ule utelezi wa nyayo ambao mtu wa animesheni anakesha kuuficha, hapo ndio hali halisi: mwili unahama na miguu haihusiki.

Mwaka wa pili, nikiwa bado nalipa karo, tulisoma Aristotle. Aliuliza ni matendo gani mtu anaweza kulaumiwa kwayo, na mfano wake wa jambo lisilo la hiari ulikuwa mtu anayepeperushwa na upepo, au anayebebwa na watu waliomshika. Chanzo cha mwendo kiko nje yake, naye hachangii kitu. Darasani tulipita hapo haraka kwa sababu ilionekana wazi mno. Nani atamlaumu mtu aliyepeperushwa? Jibu ni kwamba tunamlaumu kila siku, mradi upepo wenyewe umetengenezwa na watu wengine na sisi tumesimama mbali.

Na tuna wazee wa kutuunga mkono. Mfaransa Gustave Le Bon alichapisha kitabu chake kuhusu umati mwaka 1895, akituambia kwamba mtu akiingia kwenye kundi akili yake inazimika na unyama unawaka. Kitabu kilipendwa na watawala, na unaelewa kwa nini. Wanasaikolojia wa sasa kama John Drury na wenzake wamewasikiliza watu waliotoka salama kwenye milipuko ya London ya tarehe 7 Julai 2005, na walichokutana nacho ni watu wasiojuana wakishikana mikono gizani, wakipeana maji, wakingojeana. Ukiwachora watu hao kama vitone kwenye ramani, unaona tu vitone vinavyotoka polepole. Huwezi kuona nani amegeuka nyuma kumwangalia mwenzake.

Kwa hivyo nilikuwa nimeshapata msimamo wangu, nikamwambia jamaa: tenganisha mishale yote 300. Tusimhukumu mtu kwa miguu. Yule mama wa mboga, yule mtoto, yule wa simu, wote wanasonga kuelekea mwizi lakini nyuso ziko kwingine. Umati utaonekana kama watu.

Alifanya. Ilichukua wiki mbili na malalamiko mengi ya feni ya laptopu. Ikawa nzuri kweli, sitadanganya. Soko likapata uhai. Halafu, kama saa sita usiku, akanigeukia.

“Buda, kwa hivyo hawa wote hawana makosa?”

Nikaanza kujibu, nikanyamaza, maana nilikuwa namwangalia jamaa mmoja kwenye skrini, mhusika wa safu ya tatu, tuliyempa simu. Anatembea kuelekea katikati, uso umeinamia simu, mpole kabisa. Mbele yake hakuna mtu. Kulia kwake hakuna mtu. Hakuna anayemsukuma.

Hapo ndipo tulifanya kitu ambacho nadhani ndicho cha maana zaidi katika kazi yote, na hakitaonekana kwenye filamu. Kila mhusika tayari ana duara lisiloonekana kumzunguka, ndilo linalomzuia kugongana na wengine. Tukaliambia duara hilo libadilike rangi. Likiwa limebanwa pande zote hadi mtu hawezi kugeuka na kuondoka, liwe jekundu. Likiwa na upenyo, liwe kijani. Tukawasha. Katikati kabisa, karibu na mwizi, palikuwa na madoa mekundu, na hao siwalaumu kwa walipofikishwa, ingawa bado nawauliza kuhusu mikono yao. Wengine wote, safu baada ya safu hadi kwenye mabanda, walikuwa kijani. Kijani tupu kama shamba la chai.

Kila mtu aliyewahi kuulizwa kuhusu jioni kama hiyo anajibu kama mtu wa Hillsborough. Nilisukumwa. Nilikuwa napita tu. Hata sikuangalia. Na kwa wale wa Hillsborough maneno hayo yalikuwa kweli tupu, walilipia kwa pumzi. Mtu wa duara la kijani anayaazima. Ana mita nzima kulia kwake, ana mlango wa duka, ana kichochoro, na anasema upepo ulimbeba. Tofauti ya hao wawili huwezi kuipata kwenye mshale wa mwendo, maana wote wanaelekea mbele. Huwezi kuipata kwenye mshale wa uso pia, maana wote wanatazama kwingine. Unaipata kwa kuuliza swali la kifundi kabisa: ulikuwa na nafasi kiasi gani ya kugeuka?

Hata hapo sijamaliza, kwa sababu kuna mtu mwingine ambaye hatukuwa tumemuuliza. Mwizi naye ni mhusika. Ana kanuni yake, na ni fupi: tafuta mwanya, toka. Anasukumwa mbali na kila mwili ulio karibu naye, vile wahusika wote husukumwa. Mwaka 1995 wanafizikia wawili, Dirk Helbing na Péter Molnár, waliandika hesabu ya watu watembeao kwa miguu kwa namna hiyo, kana kwamba miili ina nguvu za kuvutana na kusukumana, na mifumo mingi hadi leo inafuata njia hiyo. Sasa kaa ndani ya hesabu ya mwizi wetu uone anachokiona. Haoni nyuso. Kwake yule wa jiwe na yule wa simu ni kitu kimoja: duara lenye kipenyo cha nusu mita ambalo haliwezi kupenyeka. Mama wa mboga aliyegeukia meza yake ni tofali. Mtoto ni tofali dogo. Wangeondoka wale wote wasiomtazama, angekuwa na njia kumi za kutokea. Ukuta unaomzuia umejengwa zaidi na watu ambao hata hawamwangalii.

Niliposema kwa sauti, jamaa akavua kofia akaiweka kwenye meza.

Kwa hivyo sina jibu moja, nina mawili, na yanakataa kukaa kiti kimoja. Ukiniuliza huyu mtu ni mtu wa aina gani, nitataka kujua alikuwa anatazama wapi na alikuwa na nafasi gani, na nitakasirika na yeyote anayemhukumu kwa mgongo. Ukiniuliza alimfanyia nini yule wa katikati, uso wake haunihusu. Alikuwa amesimama wapi? Nimejaribu kulifanya la kwanza lifute la pili, kwa kuwa mimi hupenda kusamehe, na halifuti. Jamaa yangu, ambaye alilelewa na babu mkali, anajaribu kulifanya la pili lifute la kwanza. Halifuti pia.

Labda kuna kitu kimoja kinachoyaunganisha. Uso nao hufanya kazi. Mwaka 1969 Stanley Milgram na wenzake waliweka watu kwenye barabara moja ya New York, wakawaambia wasimame watazame dirisha la ghorofa ya sita ambako hapakuwa na kitu cha maana. Alipotazama mtu mmoja, asilimia 4 ya wapita njia walisimama naye. Walipotazama 15, asilimia 40 walisimama, na wengi zaidi waliinua macho wakiendelea kutembea. Shingo za watu zinaambukizana. Ile kanuni ya pili ya Reynolds, ya kuelekea wanakoelekea walio karibu, haikuwa ya ndege peke yao. Kwa hivyo yule wa simu, pamoja na kuwa tofali, alikuwa na kifaa ambacho mwizi hana. Angesimama, akageuka kabisa, digrii 180, kifua kikiangalia wanaokuja. Mtu mmoja anayekabili umati unaokuja anaonekana kuliko mia wanaokwenda nao. Hii haihitaji ujasiri wa sinema. Inahitaji tu mishale miwili itofautiane, halafu wa mwendo uwe sifuri. Na kama programu imeandikwa vizuri, hatazunguka kama feni.

Tulimchagua mama wa mboga, kwa sababu yeye tayari alikuwa amegeuza shingo na kilichobaki ni mwili kuifuata. Tukampa kanuni: ukifika mita nne kutoka kwa mwizi, simama, geuka, tulia. Kasi ya kugeuka digrii 90 kwa sekunde, maana ana kikapu. Wa nyuma yake wanakuja, wanamkuta uso kwa uso, wanapunguza mwendo. Baadhi wanageuka kuona anachokitazama. Wengine wanamzunguka kama maji na jiwe. Mara nyingine nyuma yake panabaki mwanya, mwizi anauona, anapita. Mara nyingi zaidi mwanya unajifunga kabla hajafika.

Inategemea mbegu. Hiyo ni namba unayoipa programu mwanzoni, nayo inaamua mambo madogo yote ya bahati: nani anaanza na mguu upi, nani anachelewa nusu sekunde. Badilisha mbegu, jioni nzima inabadilika. Jamaa anataka tutafute mbegu ambayo mwanya unafunguka, tuitumie hiyo, watu waende nyumbani na matumaini. Mimi naona hiyo ni kumdanganya mtazamaji, na pia ni kumkosea mama wa mboga, ambaye aligeuka bila kujua mbegu ni ipi. Tumebishana siku tatu. Juzi usiku aliandika namba kwa karatasi bila kuijaribu, akaikunja, akaiweka chini ya sufuria, tukakubaliana ndiyo hiyo, iwe iwavyo. Tulitaka kuiendesha jana, lakini stima ilipotea saa moja na hadi sasa haijarudi.